Mataya mapana: kabla hujachagua sindano, bana meno

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Tanga. Uso wangu kwa chini ni mpana, mataya yametoka pembeni kama ya mwanaume. Tangu sekondari naitwa "Boksi", na miaka mitatu hii naona yanazidi. Asubuhi naamka panja zinauma. Naolewa Desemba. Kuna dada ana saluni Sinza, anachoma fila za "V-shape" kwa laki tatu na nusu, anasema dakika ishirini tu natoka na uso mwembamba. Shoga yangu aliyeko Muscat yeye amechoma botoksi. Na TikTok naona Wakorea wanakata mfupa kabisa. Kipi kinanifaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa habari ya Desemba.

Nianze na yule dada wa saluni, maana ndiye aliye karibu kukufikia kuliko mimi. Anachokuuzia hakiwezi kufanya anachokuahidi. Fila ni ute mzito unaoingizwa chini ya ngozi ili kujaza mahali palipopungua. Kazi yake ni kuongeza. Mtaalamu anaweza kuitia kidevuni, kidevu kikarefuka kidogo, na anayekutazama akaona mataya kama yamepungua. Hiyo ni mbinu halali, na kwa mwenye kidevu kifupi huwa naipendekeza mwenyewe. Lakini anayesema atakuchoma kwenye taya nawe utoke na taya dogo, ama hajui kilichomo kwenye bomba lake la sindano, ama anajua na hakuambii.

Sasa tuje kwenye uso wako. Umenitajia fila, botoksi na kisu kana kwamba ni bei tatu za kitu kimoja. Sivyo. Fila hujaza, botoksi hulegeza msuli ukanywea, kisu huondoa mfupa. Kuchagua kabla hujajua upana wako umetokana na nini ni sawa na kununua spea fundi hajafungua boneti.

Kaa mbele ya kioo. Weka vidole vitatu vya kila mkono kwenye pembe za mataya, chini kidogo ya ndewe za masikio. Bana meno kwa nguvu, hesabu hadi tatu, achia. Rudia. Kama ukibana kunainuka kinundu kigumu kinachojaa chini ya vidole kama yai la kuchemsha, na ukiachia kinalegea, basi sehemu kubwa ya upana wako ni msuli. Huo ni msuli wa kutafuna, sisi tunauita maseta. Umeanzia kwenye mfupa wa shavu, umeshuka mpaka kwenye pembe ya taya. Kama ukibana na ukiachia ni kugumu vilevile, huo ni mfupa. Na kama unachoshika ni nyama laini inayobanika kati ya kidole gumba na cha shahada, hasa chini ya kidevu, hayo ni mafuta. Wengi wana mchanganyiko, lakini karibu kila mara kuna mmoja anayeongoza.

Uso wako sijauona, ila barua yako imeniambia mawili. Umesema mataya yanazidi miaka hii mitatu, na kwamba panja zinauma ukiamka. Mfupa wa taya wa mtu mzima mwenye afya hauendelei kukua akiwa na miaka 29. Msuli hukua wakati wowote ukipewa kazi. Nadhani, na nasema nadhani kwa sababu bado sijakushika taya, wewe unasaga meno usingizini. Muulize anayelala nawe chumba kimoja kama usiku husikia mlio wa mtu anayetafuna changarawe. Jitazame kinywani: meno ya mbele yamekatika bapa kama yamepigwa tupa? Pembeni mwa ulimi kuna alama za meno? Ndani ya shavu kuna mstari mweupe sambamba na mahali meno yanapokutana? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, daktari wa kwanza kumwona ni wa meno. Atakutengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Haitapunguza upana moja kwa moja, ila italinda meno yako, na bila kinga hiyo, fedha yoyote utakayotoa kwa ajili ya taya itakuwa unaimwaga kwenye ndoo iliyotoboka.

Wakati huohuo acha bigijii, acha kutafuna barafu, na mchana ukijikuta umebana meno kwenye foleni au mbele ya kompyuta, yaachanishe. Midomo ifunge, meno yasigusane. Na hivi vimpira vya kutafuna vinavyouzwa mitandaoni ati vya "kuchonga taya" vinafanya kinyume cha unachotaka: vinajenga msuli huohuo. Niliwahi kumpokea dereva wa malori ya masafa marefu aliyekuja amejaa hofu kwamba ana uvimbe, taya la kulia limejaa kuliko la kushoto. Tulipomaliza vipimo nikamuuliza miraa huweka upande gani. Akacheka, akaonyesha kulia.

Lakini hofu yake haikuwa ya kijinga, na hapa nitakawia kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine. Taya likikua upande mmoja, hata kama haliumi, usianze kufikiria urembo. Katika kazi yetu ukanda huu tunaona wagonjwa wengi wa ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Si saratani kwa kawaida, ila hula mfupa polepole kwa miaka bila maumivu, na mtu huja amechelewa, nusu ya taya imeshaliwa. Picha moja ya eksirei inayoonyesha taya zima inatosha kuanzia. Tezi za mate zilizo mbele ya masikio nazo hujaa, na si kwa matumbwitumbwi ya utotoni tu. Zinaweza kuvimba kwa virusi vya Ukimwi, kwa kisukari, kwa pombe ya muda mrefu, hata kwa mtu anayejitapisha ili akonde. Na wale wanaomeza vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa siri: vingi vina deksamethasoni. Ikitumika muda mrefu uso huwa wa duara kama sahani, na hakuna sindano ya urembo itakayoutoa uduara huo. Kama uko kwenye vidonge hivyo usiviache ghafla leo usiku, maana tezi zako za mwili zimeshazoea kusaidiwa. Nenda ukapunguziwe dozi chini ya daktari.

Turudi kwako. Tuseme umepimwa na imethibitika ni msuli. Hapo shoga yako wa Muscat ndiye aliyekaribia jibu.

Botoksi ni sumu ya botulini, sumu ileile inayoua watu waliokula chakula cha makopo kilichoharibika, ila kwa kiasi kidogo mno. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitafuta kama dawa ya makengeza, na Marekani ikaipa kibali kwa magonjwa ya macho mwaka 1989. Cha makunyanzi ya katikati ya nyusi kikaja 2002. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Neva huutumia msuli kemikali iitwayo asetilikolini, ndiyo amri ya "kaza". Sumu hii inaifungia njia amri hiyo. Maseta usiopokea amri unapumzika, na msuli unaopumzika hunywea, kama mguu uliokaa miezi miwili ndani ya hogo. Ndiyo maana anayekuahidi matokeo ya dakika ishirini anakudanganya hata kwa botoksi halisi. Wiki ya pili utahisi ukibana hakuna nguvu ileile. Sura yenyewe hubadilika kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili. Kisha miezi minne, mitano, sita, msuli unaanza kurudi.

Kiasi cha kawaida kwa kuanzia ni uniti 20 hadi 30 kila upande kwa Botox yenyewe. Uniti za Dysport, chapa nyingine ya dawa hii, si sawa na hizo, ni ndogo zaidi, kwa hiyo namba yake huwa kubwa. Ukisikia mtu anazichanganya hizo mbili, simama utoke. Daktari hukuambia ubane meno, huchora mipaka kwa kalamu, kisha huchoma sehemu tatu au tano kwenye nusu ya chini ya msuli. Akipanda juu sana utabaki na shimo shavuni. Akija mbele sana ataugusa msuli wa tabasamu, na picha zako zote za harusi utacheka upande mmoja. Hilo huisha baada ya wiki kadhaa, lakini Desemba yako haitakusubiri. Wengine huota kinundu cha ajabu wakitafuna kwa sababu sehemu ya msuli haikupata dawa. Hicho hurekebishwa kwa sindano ndogo ya pili. Nyama choma itakuchosha kwa muda. Na usiifanye kuwa desturi ya maisha bila kupumzika: kuna tafiti za wanyama zilizoonyesha mfupa wa taya kupungua pale msuli unapolegezwa, na mimi kwa wagonjwa wangu hupenda kuachanisha sindano kadiri sura inavyoruhusu.

Nani asichomwe? Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa misuli kulegea uitwao miastenia, na aliye kwenye sindano za gentamaisini wakati huo, kwa sababu zinaongezea nguvu ya sumu. Hapo niongee nawe kama dada. Kama mmepanga mtoto aje mara tu baada ya ndoa, sema mapema kwa daktari. Ukishapata mimba hatutarudia, na msuli utajirudia wenyewe.

Dawa yenyewe huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali muda mfupi kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo mtu akikujia na bomba ambalo tayari lina maji, muulize kichupa kiko wapi, na umeme ulipokatika jana friji ilikuwaje. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza kwamba wanawake 22 katika majimbo 11 waliugua baada ya kuchomwa botoksi bandia au iliyoshikwa ovyo, wengine wakilazwa. Kope zilianguka, macho yakaona ukungu, kumeza na kupumua kukawa kazi. Huko ni Marekani, mdogo wangu. Kichupa kisicho na namba ya toleo wala usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kisikukaribie.

Fila nimekwisha kusema haitakufaa kwa kazi uliyoitaka, ila nikueleze kwa nini naiogopa mikononi mwa msusi kuliko botoksi. Bana tena meno. Peleka kidole mbele kidogo ya kile kinundu, kwenye ukingo wa chini wa taya, ugandamize taratibu. Unahisi mpigo? Huo ni mshipa mkuu wa damu wa uso, unapita juu ya mfupa hapohapo, unapanda kuelekea mdomoni na puani, na matawi yake hukutana na yale ya macho. Fila ikiingia ndani yake ni kama saruji kwenye bomba. Mwaka juzi alinijia binti siku ya tatu baada ya kuchomwa saluni. Kutoka kona ya mdomo mpaka kidevuni ngozi ilikuwa na madoa ya zambarau yaliyokaa kama utando wa buibui, katikati kumeanza vipele vya usaha. Aliyemchoma alimwambia ni mzio, apake barafu. Siku ya kwanza tungeweza kumwokoa karibu ngozi yote, kwa sababu fila ya asidi ya hayaluroniki ina kimeng'enya chake cha kuiyeyusha, hayaluronidezi, tunakichoma mara moja na kurudia hadi damu irudi. Siku ya tatu tuliokoa tulichoweza. Kovu analo. Baya zaidi, hatukuwa na hakika alichomwa nini. Angekuwa ametiwa silikoni ya maji, hakuna kinachoiyeyusha.

Swali la kumuuliza yeyote anayetaka kukuchoma fila, awe daktari au nani, ni moja tu: "Hayaluronidezi unayo hapa ndani, nionyeshe." Akikosa, mazungumzo yameisha. Fila nzuri za kuchora ukingo wa taya zipo, Juvéderm Volux ilipata kibali cha kazi hiyo Marekani mwaka 2022 na hukaa mwaka hivi, ila hiyo ni kwa mtu mwenye taya lililofifia, si wewe.

Kwa walio na mafuta chini ya kidevu nitapita haraka. Ipo sindano ya asidi ya deoksikoliki, asidi inayopatikana kwenye nyongo na kazi yake tumboni ni kumeng'enya mafuta. Marekani iliiruhusu mwaka 2015. Inahitaji mizunguko kadhaa, hadi sita, ikiachana mwezi mmoja mmoja, na kila mara shingo huvimba kama chura kwa siku kadhaa, na ikichomwa vibaya neva inayoshusha mdomo hulegea. Mimi kwa mafuta mengi naona heri kunyonya mara moja kwa ganzi kupitia tundu dogo, kwenye chumba cha upasuaji. Vichupa vya "kuyeyusha mafuta" vinavyouzwa mtandaoni, visivyoandikwa vizuri vina nini, sitavijadili. Nyuzi za kuvuta ngozi na mashine za mawimbi ya sauti ni za ngozi iliyolegea. Kwa miaka 29 usiziwaze.

Kumebaki mfupa. Upasuaji wa kukata pembe za mataya ulipata umaarufu Korea Kusini, na wapo madaktari wanaoufanya vizuri sana. Unafanyika kupitia ndani ya mdomo, ukiwa umelala usingizi wa dawa, kwa msumeno mdogo. Ndani ya mfupa huohuo kuna neva inayokupa hisia ya mdomo wa chini na kidevu. Ikiguswa unabaki na ganzi ya miezi, au ya kudumu, unakunywa chai na hujui kama imemwagika. Damu inaweza kutoka nyingi. Mwaka 2016 mwanafunzi wa chuo alivuja damu kwenye upasuaji wa taya katika kliniki moja ya Seoul, akafariki wiki kadhaa baadaye, na mama yake alipambana mpaka nchi ikapitisha sheria mwaka 2021, iliyoanza kazi Septemba 2023, ya kuweka kamera katika vyumba vya upasuaji wanakolazwa usingizi wagonjwa. Kuna jambo jingine video hazionyeshi: ukipunguza mfupa, ngozi iliyokuwa inashikiliwa nao haipungui. Hema likifupishwa nguzo, turubai hulegea.

Sisemi kisu ni kibaya, ndicho kinachonilisha. Mtu ambaye meno ya juu na ya chini hayakutani, au taya la chini limetoka mbele kiasi cha kushindwa kukata chapati kwa meno ya mbele, huyo upasuaji wa kupanga mataya utambadilishia maisha. Mbinu yake kuu, ya kulipasua taya la chini kwa urefu na kulitelezesha, tumeirithi kwa daktari Hugo Obwegeser tangu miaka ya 1950. Hata huyo huvaa kwanza waya za meno mwaka mmoja au zaidi. Kwa msuli wa kusaga meno sitamkata mtu mfupa.

Na swali ambalo hukuniuliza: je, wewe au mama yako mna keloidi? Ulipotoboa masikio kidonda kilipona bapa au kiliota? Ukingo wa taya ni mahali keloidi hupenda kuota, na kwa ngozi zetu nyeusi mkato mdogo wa nje unaweza kukuletea tatizo kubwa kuliko lile ulilokuja nalo. Ndiyo maana kazi nyingi za taya nazifanyia ndani ya mdomo.

Tupange tarehe basi. Leo tuko Agosti. Wiki hii nenda kwa daktari wa meno hapo Tanga, upigwe picha ya taya zima na upimiwe kinga ya usiku. Ikithibitika ni msuli, na mimba haipo wala haipangwi karibuni, botoksi ichomwe kabla Septemba haijaisha, si baadaye. Kosa likitokea tutakuwa na nafasi ya kulirekebisha, na kufikia Desemba sura itakuwa imetulia. Anayekuchoma awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, jina lake ulitafute kabla hujapanda basi. Walio Kenya watazame kwenye daftari la KMPDC, baraza la madaktari la huko. Ukiona kinga ya usiku imetosha, panja zimeacha kuuma na mataya hayaongezeki, ukaamua kuolewa na uso huohuo, mimi sitakosa usingizi. Uso wa mraba hupiga picha vizuri sana, waulize wapiga picha.

Ukija kwangu njoo bila fandesheni, nywele umezifunga nyuma, na ubebe ile picha ndogo ya kitambulisho cha sekondari. Nitaiweka kando ya uso wako nione nini kimeongezeka na wapi. Na kama umeshatoa advansi kwa yule dada wa Sinza, mwambie akulipe kwa kukusuka nywele za harusi.